Mshika Jeki

Tangu asubuhi Mzee Kiptum alikuwa hajatia hata tone la chai mdomoni, na mtu wa Molo kufika adhuhuri bila chai si mchezo, ni karibu ugonjwa. Lakini angekunywaje? Chai huita choo, na choo cha gereji ile kilikuwa nyuma kabisa, mbali na pikapu yake. Ukimpa fundi wa Nakuru dakika mbili atakubadilishia hata figo, sembuse spea. Basi mzee akakaa juu ya tairi kuukuu, koti limefungwa hadi kooni ingawa jua lilikuwa linachoma, macho hayabanduki kwa kijana aliyelala chini ya gari.

Kijana mwenyewe aliitwa Jamleck Ndung'u, na hapo ndipo palipokuwa na neno. Huyu Jamleck ndiye aliyetaka kumwoa Jepleting, binti wa pekee wa Kiptum, mwalimu wa chekechea mtaa wa Section 58, hapo Nakuru. Krismasi iliyopita Jepleting alimwambia mama yake, Jemutai, naye Jemutai akamletea mumewe picha ya kijana kwenye simu. Mzee akageuza uso kama aliyeonyeshwa nyoka. Hakutaka kuiona.

Fundi! Tena wa kabila lile. Si kwamba Kiptum alikuwa na chuki, la. Aliwauzia viazi, alisali nao benchi moja, wakifiwa alienda kuwazikia. Lakini Molo ina kumbukumbu zake. Mwaka ule wa moshi, makabila yalipochomeana nyumba baada ya uchaguzi, alilala kanisani na mkewe na mtoto, asijue ni jirani yupi wa kumkimbia na yupi wa kumkimbilia, na majirani zake bila shaka walikuwa wakijiuliza hayo hayo juu yake. Kuuziana viazi ni kitu kimoja. Kumpa mtu binti yako ni kingine.

“Kikulacho ki nguoni mwako,” alimwambia Jemutai.

“Wewe huyo umemtoa kwenye nguo gani, na hata uso wake hujauona?” Jemutai akamjibu. “Enda umwone kwanza, Baba Jepleting. Halafu ukatae kama mtu mzima.”

Haya, akaenda kumwona, lakini kwa njia yake. Springi za nyuma za pikapu zilikuwa zimechoka kweli. Magunia ya viazi yalikuwa yamezilaza miaka nenda miaka rudi, hata gari likiingia shimoni lilikuwa likilia kwa sauti. Akanunua springi mpya na bushi zake za mpira. Shoki, zile za kuzuia gari lisirukeruke, zilikuwa bado nzuri, na hizo ndizo alizozifanya mtego, kwani kila mwenye gari anajua jinsi fundi mwizi anavyokula: unamletea shoki nzima, unarudi nyumbani na mizoga. Kwa hiyo jana yake mzee alijipenyeza chini ya pikapu na kichupa cha rangi ya kucha ambacho Jepleting alikisahau nyumbani, akatia kitone cha zambarau kwenye kila shoki, mahali ambapo mtu asiyetafuta hataona.

Na alipofika gereji akasema anaitwa Micah, wa kutoka Elburgon. Mzee wa kanisa, jamani! Ili kumnasa mwongo akaanza na uongo wake mwenyewe, na wala hakuona haya.

“Niaje mzee, karibu,” Jamleck alimwambia asubuhi hiyo. “Shida iko wapi?”

“Springi za nyuma. Ubadilishe na bushi. Shoki usiguse.”

“Lazima nizitoe kwanza ndio springi itoke, mzee. Lakini nitazirudisha.”

Ahaa, Kiptum akajiambia. Ameanza.

Tangu hapo kila kitu kilikuwa ushahidi. Jamleck alipoleta chai na mandazi, Kiptum aliona anataka kufukuzwa pale kwa ujanja. Jamleck alipocheka kidogo na mwenzake Odero, Kiptum alijua ni yeye anayechekwa. Jamleck alipochungulia bushi za mbele na kusema hizo bado ziko sawa, asitupe pesa, mzee alizidi kushtuka. Fundi anayekataa kazi? Huyo anatafuta kitu kikubwa zaidi, na Kiptum alidhani anakijua kitu chenyewe: shoki.

Springi ya kulia ikaingia vizuri. Ya kushoto ikagoma kwa sababu boliti yake moja ilikuwa imeliwa na kutu, na Odero akaondoka kwenda town kutafuta nyingine. Kiptum akaona saa yake imefika. Akasimama, akajinyoosha, akatangaza kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika kwamba anaenda kutafuta chakula.

Hakwenda popote. Alivuka barabara, akajibanza nyuma ya mageti mapya yaliyokuwa yakiuzwa na mafundi wa kuchomelea, akawa anachungulia katikati ya vyuma. Mwenye mageti akamuuliza, “Boss, unataka size gani?” Kiptum akamnyamazisha kwa mkono.

Akamwona Jamleck akijifuta jasho. Akamwona akiokota shoki mbili kutoka chini, moja huku, moja huku. Akamwona akitazama kushoto, akitazama kulia, kisha akaingia nazo stoo. Alipotoka mikono ilikuwa mitupu.

Tuseme ukweli: Kiptum alifurahi. Moyo ulimruka. Nilisema! Nilimwambia Jemutai! Kisha akamwona Jepleting akilini, jinsi atakavyoambiwa, na ile furaha ikageuka uchungu kabla hajamaliza kuvuka barabara.

“Shoki zangu ziko wapi?” alifoka kutoka mbali, watu wa gereji za jirani wakageuka. “Wewe kijana! Shoki zangu ziko wapi? Ulidhani huyu ni mzee wa shamba tu, sivyo?”

Jamleck aliingia stoo, akarudi na zile shoki, akaziweka miguuni pa mzee. Zilikuwa zimepanguswa vumbi na matope yote, na kitone cha zambarau kilionekana wazi kwenye kila moja.

“Hapa kitu kikilala chini kinaota miguu,” akasema. “Odero hayuko, na mimi nikiwa chini ya gari sioni. Ndio nikaziweka ndani.” Akagusa kitone kimoja. “Na hii rangi naijua, mzee. Nilinunua mimi. Jepleting aliniambia ni rangi ya shosho, ya bibi kizee, lakini akaipaka.”

Watu wakaendelea na kazi zao. Kiptum alihisi masikio yanachemka.

“Ulijua lini?”

“Asubuhi. Nilipotoa shoki ya kwanza nikapangusa matope.”

“Kwa hivyo siku nzima ulikuwa unaniigizia! Chai, mandazi, sijui bushi ziko sawa! Mtu akijua anatazamwa, nani ataiba? Hata fisi akijua umeamka anapita tu. Sasa mimi nitakujuaje?”

“Kwa siku moja hutanijua, mzee,” Jamleck akasema. Haikuwa jeuri. Alionekana amechoka tu, na amehuzunika. Wakati huo Odero alikuwa ametuma boliti kwa mtu wa bodaboda, yeye mwenyewe amebaki town kutafuta spea za gari lingine. Jamleck akaipokea, akaigeuza mkononi. “Boliti ndio hii. Lakini kuingiza hii springi ni kazi ya watu wawili. Utanishikia jeki?”

Kiptum akainama, akashika mpini wa jeki. Angefanya nini? Gari ni lake.

Gari lilikuwa limeegemezwa juu ya magogo, ekseli ya nyuma ikiwa juu ya jeki peke yake. Jeki ikipanda, springi inanyooka na tundu lake linasogea, ikishuka, linarudi. Kazi ni kulikutanisha tundu hilo na tundu la chesisi, kiunzi cha gari, ili boliti ipite. Jamleck akaingia chini.

“Panda, mzee. Panda kidogo. Hapo. Sasa shuka, polepole.”

Kisha akafanya wanavyofanya mafundi wote, ingawa wote wanajua hawafai kufanya hivyo. Aliingiza kidole katika matundu yale kupima kama yamekutana.

Kiptum alikiona kile kidole. Alikuwa ameshika jeki maisha yake yote, na alijua vizuri kwamba ukizungusha ule mpini taratibu ekseli inateremka, ukiuzungusha sana inaanguka, na chuma kinakata kama makasi. Fundi bila kidole ni nani? Ataoa na nini? Na nani atamlaumu mzee aliyeteleza mkono? Wazo lenyewe halikubisha hodi. Liliingia tu likakaa, likiwa na sauti yake mwenyewe.

Kiptum akaogopa. Siku nzima alikuwa amelinda gari lake dhidi ya mwizi, na sasa mkono aliohitaji kuuchunga ulikuwa wake.

“Toa kidole!”

“Mzee?”

“Nimesema toa kidole hapo! Tumia bisibisi! Unajua mimi ni nani, unajua nimekuja kufanya nini, na bado unaniwekea mkono wako hapo?”

Kutoka chini ya gari Jamleck akajibu, “Sasa nikiogopa kukuachia kidole tu, mzee, Jepleting nitakuombaje?”

Kiptum alingoja hadi bisibisi ilipoingia badala ya kidole, ndipo akateremsha jeki, kidogo, kidogo tena, mikono yote miwili ikiwa kwenye mpini na jasho likimtiririka ndani ya lile koti. Boliti ikapita. Jamleck akakaza nati, akatoka, akajifuta kwa kitambaa.

“Jepleting anajua niko hapa?” Kiptum akauliza.

“Hajui. Sikumpigia. Ungesema nimekushtaki.”

Ni kweli, angesema hivyo. Kiptum akatoa simu yake, akampigia binti yake mwenyewe.

“Baba? Uko wapi?”

“Niko Nakuru. Kwa huyu fundi wako.”

Sauti ya Jepleting ikaja nyembamba, ya mtu anayejizuia kulia.

“Baba, umemfanya nini?”

Hakuuliza kama wamesalimiana. Hakuuliza kama amempenda. Kiptum akautazama mkono wa Jamleck, vidole vyote vitano vyeusi kwa grisi.

“Sijamfanya kitu,” akasema.

“Baba, tafadhali. Niambie ukweli. Yuko sawa?”

Mzee akaondoa simu sikioni, akamnyooshea Jamleck.

“Mwambie wewe,” akasema. “Mwambie nimesema wazee wako waje kuposa. Mimi hataniamini.”