Salamanda Juu ya Jiwe

Watu wa Ilomba walimsema sana mzee Anania kwa sababu ya sanduku lake, na mimi siwalaumu wote. Mtu mzima, mzee wa kanisa, anaketi barazani mchana kweupe akipanga vyura mkekani! Hawakuwa vyura hai. Zilikuwa sanamu ndogo za plasta, zimepakwa rangi zikang'aa kama zimetoka mtoni sasa hivi, na macho yake ya kioo yalikutazama popote uliposimama. Alianza kuzikusanya Iringa, alipokuwa akikaa mtaa wa Mlandege na kumpikia Mzungu mmoja aliyechunguza vyura wa milimani. Mzungu aliporudi kwao mwaka hamsini na tatu alimwachia chache, na nyingine mzee akazitafuta mwenyewe, hata kwa kubadilishana na jogoo.

Aliyeumia zaidi ni Ikupa, mke wa mwanawe. Kwa Wanyakyusa mkamwana hamtazami baba mkwe wala hasemi naye, na wakikaribia kukutana njiani, mwanamke ndiye anayekimbia kujificha. Basi Ikupa aliishi jirani na sanduku lile bila kuweza kumwuliza mwenyewe hata neno. Masika iliyopita alimwona mzee ghafla kwenye kona ya kisimani, akakurupukia migombani na mtungi wake, akaanguka, mimba ikaharibika. Sasa alikuwa na nyingine, tumbo limeshakuwa kubwa, na kila alipolala alimwomba Mungu hii isimponyoke.

"Dada, wewe unafikiri uliteleza tu?" Damari, jirani yake, alimwuliza wakichambua maharage. "Lile sanduku ndilo lililokusukuma. Chura anafungiwa ndani, na mtoto wako anafungiwa huko huko. Fungua macho!"

Damari naye alikuwa na mdomo usio na mlango. Lakini aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na Ikupa akashtuka kwelikweli. Alimwuliza mumewe Asukile, taniboi wa lori la Iringa.

"Baba na vyura wake! Achana naye," Asukile akacheka, akadandia lori akaenda zake.

Kesho yake asubuhi Ikupa alikuta kitu juu ya jiwe, pale pale kwenye kona ya kisimani. Ngozi laini kama ya chura, nyeusi yenye madoa ya njano, lakini kina mkia mrefu. Si chura, si mjusi. Akarudi nyumbani bila maji. Alipokwenda tena mchana, jiwe lilikuwa tupu. Asubuhi iliyofuata kitu kimerudi.

"Kinakupima njia," Damari akanong'ona. "Siku kikimaliza kupima, utaona."

Ikupa hakutaka kungoja siku hiyo. Alfajiri ya tatu alikifunika kwa jani la mgomba, akakibeba mkono ameunyoosha mbele, akakitumbukiza chooni. Moyo ukamtulia. Akachukua mtungi, akashuka kisimani akiimba taratibu.

Kwenye kona akakutana uso kwa uso na mzee Anania.

Ikupa akageuka akimbie. Kabla hajainua mguu, mzee alijitupa mtaroni, katikati ya upupu, akajifunika uso kwa kofia. Akaguna kwa maumivu.

"Usikimbie!" akapaza sauti kutoka mle. Hajawahi kusema naye tangu aolewe. "Tembea, mwanangu. Tembea polepole. Mimi sioni kitu."

Ikupa akasimama, mikono tumboni.

"Asukile hakukwambia? Nilimwagiza. Ukimwona salamanda wangu wa plasta jiweni, ujue niko kisimani, ungoje nyumbani. Ukikuta jiwe tupu, pita. Sitaki ukimbie tena kwa ajili yangu." Mzee alikuwa akijikuna na kusema kwa pamoja. "Chura niliogopa kumweka, maana chura wa kweli anaweza kupanda mwenyewe akakudanganya. Huyu nchi hii hayupo. Ninaye mmoja tu, na ndiye nimpendaye kuliko wote. Leo pia nimemweka. Nani kamwondoa?"

Hapakuwa na mtu wa kujibu kwa niaba yake. Ikupa alitazama njia huku na huku, machozi yakimtoka, kisha akainamia mtaro.

"Yuko chooni, baba," akasema. "Nimemtupa mimi."