Roshani Isiyokuwapo

Baba yangu ana maneno ya kumtoa nyoka pangoni, na hayo ndiyo yametulisha. Kila Jumamosi asubuhi huwakusanya wageni mbele ya ofisi yetu, chumba kimoja chenye meza, ramani ukutani na mtaro wa maji machafu mbele ya mlango. Huwatembeza mji mkongwe hadi saa sita, kisha huwapeleka kuogelea kwenye mabwawa ya mtoni, na jioni huwarudisha wamelowa na wanaimba. Amefanya hivyo tangu sijazaliwa. Mjomba, kaka yake mama, ndiye dereva wa basi letu dogo. Mimi ndiye mkia.

Mkia ni yule anayetembea wa mwisho ili asibaki mtu nyuma. Sikuiomba kazi hiyo. Nilikuwa na kazi yangu mbali na nyumbani, kwenye duka la kutengeneza simu, na nilikuwa naipenda, mpaka mama aliponipigia mwaka jana akasema baba yako anazeeka, njoo ujifunze kazi yake kabla haijafa naye. Nilirudi na begi moja la nguo na hasira za kujaza mengine mawili. Baba alinipokea mlangoni, akanitazama kwa muda mrefu, akasema, "Umenuna." Nikamwambia, "Nimenuna, ndiyo." Kesho yake tukaanza kazi.

Alinifundisha kwa namna moja tu. Kila tulipofika kwenye kona, alininong'oneza, "Niambie unaona nini." Nami ningesema: fundi viatu ametoa kiti nje, kuna shimo kushoto, wamelizungushia kamba. Akishasikia hivyo, huwageukia wageni na sauti yake ile. "Jihadharini na shimo hapo kushoto, jamani, na msalimieni fundi wetu wa viatu, babu yake ndiye aliyewashonea wakubwa wa mji huu!" Babu yake fundi viatu alikuwa mchoma mkaa, lakini Baba hajawahi kuona hadithi isiyohitaji chumvi. Mimi nilidhani ananinoa macho.

Mabwawani ilikuwa vilevile. Zamani alikuwa akiingia majini yeye mwenyewe, na mwanzi wake mrefu wa kupimia, kabla mtu hajaruka. Mvua ikinyesha milimani mto hubeba mawe na magogo, ukayaacha unapotaka wenyewe. Mwaka huu mwanzi alinipa mimi. "Magoti haya," alisema. "Ingia wewe, uniambie unaona nini."

Jumamosi ninayoisimulia, mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha upande wa milimani. Wageni wengi walikuwa wafanyakazi wa kiwanda kimoja cha uchapaji, na mmoja wao alikuwa ameoa wiki iliyotangulia. Wenzake walimwita Bwana Harusi, nasi tukafuata. Mkewe alikuwa naye, na kila alipotaka kusema jambo alianza na "mume wangu," kwa uangalifu, kama mtu anayejaribu viatu vipya. Kiti cha mbele alikaa mwalimu mstaafu, mama mnene mwenye kofia pana na miguu iliyovimba, aliyekuja peke yake.

Mji mkongwe ulikwenda vizuri mpaka kiatu cha Mwalimu kilipokatika ukanda. Nilipiga magoti kukifunga kwa kamba, na kundi likapinda kona na Baba mbele yao. Nilikuwa najua wanakokwenda. Huko kuna nyumba ya mfanyabiashara mmoja wa kale, na juu ya mlango wake kuna roshani ya mbao ambayo ndiyo hadithi kubwa ya Baba. Husimulia kwamba seremala aliichonga polepole makusudi, ili azidi kumwona binti wa nyumba, na alipopigilia msumari wa mwisho binti akaolewa na mwingine.

Tulipofika, Mwalimu na mimi, Baba alikuwa ameshanyoosha mkono juu. "Tazameni nguzo ya kulia. Mnamwona ndege aliyechongwa? Amegeuza shingo, hataki kuitazama nyumba. Huyo ndege ndiye seremala mwenyewe!"

Niliinua macho. Hapakuwa na ndege, wala nguzo, wala roshani. Kulikuwa na ukuta mtupu na matundu ya boriti yaliyozibwa kwa saruji mbichi. Mbao zile zilikuwa zimeoza siku nyingi, na wiki hiyo walikuwa wamezishusha.

"Mzee," Bwana Harusi akasema, "sisi tunaona ukuta tu."

Watu wakaangua kicheko. Walidhani ni mzaha wa kazi. Baba alibaki na mkono hewani, na ule mwingine nikauona ukitafuta ukuta nyuma yake, ukaupata, ukaushika. Kisha akacheka naye. "Basi nyinyi mna macho ya leo," akasema, "mimi nina ya zamani!" Wakampigia makofi.

Mimi sikupiga. Nilikuwa nimepigwa na butwaa pale nyuma, mambo ya mwaka mzima yakinirudia moja baada ya jingine. Mkono wake begani mwangu kila tulipokuwa na ngazi, niliodhani ni mapenzi. Chai aliyoacha kujimiminia. Habari za gazeti alizotaka nimsomee, ati kwa sababu nina sauti nzuri.

Ndani ya basi niliketi kando yake, kiti cha nyuma ya dereva. Nikamnyooshea chupa ya maji bila kusema neno. Nikaishika hapo mbele ya kifua chake mpaka mkono ukaanza kuuma, naye anatazama mbele kwa utulivu, akipapasa sakafuni kwa mguu kutafuta mfuko wake. Nilipoinua macho nikakutana na ya Mjomba kwenye kioo cha dereva. Mjomba ndiye aliyeyashusha yake kwanza.

Kumbe alikuwa anajua. Na kama Mjomba alijua, mama naye alijua. Nilitoka kwenye kazi yangu nikidhani narithishwa, kumbe nilikuwa miwani. Nilipandwa na hasira hata masikio yakawaka moto, nikasema moyoni, ngoja tufike jioni, tutazungumza nyumbani. Sikujua kwamba jioni ilikuwa mbali mno.

Njia ya kushukia mabwawani ilikuwa imelowa, na Mwalimu na miguu yake ilibidi washuke taratibu. Hakuna mkia anayeruhusiwa kumwacha mtu. Nikamshika mkono, tukawa tunashuka hatua moja, tunapumzika, naye ananiambia, "Samahani, mwanangu, nawachelewesha." Kundi lilishapotea mbele yetu. Nilikuwa nasikia maji na kicheko cha Baba.

Tulipotokea kwenye uwazi, nililiona bwawa la chini, lile la kurukia. Siku zote maji yake huwa meupe hata unaona kokoto. Siku hiyo yalikuwa rangi ya chai ya maziwa. Mwanzi ulikuwa umeegemezwa kwenye mti, mkavu. Bwana Harusi alikuwa amesimama juu ya mwamba na kaptula yake, mkewe chini anampiga picha, na wenzake wanamwita mwoga.

"Mzee, ni salama?" akauliza.

"Hapo pana kina cha watu wawili," Baba akajibu. "Na maji safi kama kioo. Ruka, mwanangu, usimwaibishe bibi!"

Safi kama kioo! Niliona mmoja wa wale wachapaji akiyatazama maji, kisha akimtazama Baba, kisha akinyamaza. Ndivyo watu walivyomwamini.

"Usiruke!" nikapiga kelele. "Shuka hapo!"

Wakageuka wakacheka. Walikuwa wameshazoea kwamba kwetu kila kitu ni mzaha. "Moja!" wenzake wakahesabu. Bwana Harusi akainama, akarudisha mikono nyuma. "Mbili!"

"Baba haoni!" nikasema. "Baba yangu ni kipofu! Usiruke!"

Hesabu ikakatika. Bwana Harusi akabaki ameinama, mikono nyuma vilevile. Hakuna aliyecheka. Baba aligeuza uso upande wa sauti yangu, na sitausahau uso ule. Nilikuwa nimemvua nguo mbele za watu, mzazi wangu, kwa kinywa changu mwenyewe.

Nilichukua mwanzi nikaingia majini na nguo zangu. Maji usiyoyafika hujui wingi wake, lakini yale nilikuwa nayajua, na bado nilikwenda polepole. Nikasogea hadi chini ya mwamba, nikachomeka mwanzi. Haukwenda popote. Niliuinua nikauchomeka tena pembeni, ukagonga tena. Nikapeleka mkono, nikashika ganda la mti, nikafuata kwa vidole mpaka kwenye tawi lililovunjika, lenye ncha, limeelekea juu. Lilikuwa kiasi cha shubiri chini ya uso wa maji.

"Ni nini?" Baba akauliza kutoka ukingoni.

"Mti, Baba. Mti mzima na matawi yake."

"Wapi?"

"Palepale ulipomwambia aruke."

Bwana Harusi akakaa juu ya mwamba. Mkewe alipanda akaishika shati mumewe aliyokuwa ameiacha hapo, shati badala ya mtu, akaikumbatia na kulia. Baba naye akakaa chini, kwenye matope, na suruali yake ya kazi.

Nilitoka nikamwendea. Watu walitupa nafasi. "Ungemuua mtoto wa watu," nikamwambia. Nilikuwa nasikia baridi na ghadhabu, sikuweza kutenganisha.

"Nilijua utakuja uingie kwanza."

"Na nilichelewa. Kwa nini hukunisubiri?"

Vidole vyake vilichezea tope. "Walinicheka kule mjini," akasema mwishowe. "Nikataka kidogo tu, kabla hujafika, niwe mimi."

Nikakamua shati langu, maji yakadondoka kwenye tope.

Tulipanda bila mtu kuogelea. Mara hii nilitangulia mimi, na Baba akawa wa mwisho, Mwalimu amemshika mkono, wawili hao wakiombana samahani njia nzima. Kwenye basi Mjomba alipoziona nguo zangu zimelowa alielewa. Akanivuta pembeni. "Mama yako alitaka kukwambia," akasema. "Shemeji ndiye aliyekataa. Alisema utamhurumia."

"Mficha maradhi, kilio humfichua," nikamjibu. "Leo ilibaki kidogo tukisikie kilio chenyewe, Mjomba, tena cha mwanamke wa wiki moja kwenye ndoa." Akavua kofia, akaitazama ndani.

Basi lilipoondoka Baba alichukua kipaza sauti. Kwa desturi hapo ndipo huanzisha wimbo. "Ni presha ya macho," akasema, na sauti yake haikuwa ile. "Daktari aliniambia kilichokwenda hakirudi. Asubuhi niliwaonyesha roshani isiyokuwapo, mkanisamehe kwa kicheko. Hili la mchana sikuombeni mlisamehe. Nilikuwa sioni, nikasema naona."

Bibi harusi akasema kutoka nyuma, "Mzee, mimi leo siwezi."

"Usiweze, mwanangu," Baba akasema. "Una haki." Akakizima kipaza sauti, akapapasa ndoano ya kukitundikia, mimi nikakichukua nikakitundika.

Tulikwenda hivyo mpaka mashamba yakaisha na nyumba zikaanza. Nilitazama dirishani kwa sababu nisingeweza kumtazama yeye.

"Jumatatu nitarudisha leseni," akasema.

"Irudishe."

"Imebaki nini pale ukutani?"

"Matundu ya boriti. Wameziba kwa saruji."

"Na ndege?"

"Hayupo."

Akatikisa kichwa polepole, kama aliyepewa habari za jirani. "Unajua mara ya mwisho kuuona uso wako vizuri ilikuwa lini? Siku ile uliyokuja na begi. Nilikutazama sana, nikijua. Ulikuwa umenuna."

"Na sasa hivi nimenuna."

"Basi," akasema, "hakuna kilichonipita."

Nilitaka kucheka, kikatoka kilio. Nililia pale mbele ya wageni wote, kwa sauti, na hasira yangu haikuondoka, ililia nami. Baba hakunigusa. Nadhani aliogopa.

Jioni ilikuwa imeingia tuliposimama mbele ya ofisi. Mjomba alikuta gari jingine mahali petu, akaegesha mbele kidogo kuliko siku zote. Wageni walishuka mmojammoja. Mwalimu alimshika Baba mkono kwa mikono yote miwili. Bwana Harusi alisema "kwa heri, Mzee," na mkewe akapita bila neno.

Baba akainuka wa mwisho. Akanyoosha mkono kuelekea bega langu, kama siku zote, halafu akausitisha hewani, akataka kuurudisha. Niliushika nikauweka mimi mwenyewe begani.

"Ngazi mbili," nikamwambia, nikatangulia. "Sasa uko chini. Mbele yako kuna mtaro."

"Mpana?"

Niliuvuka kwanza. Nikageuka, nikamtazama amesimama pale ukingoni, mguu mmoja mbele, akinisubiri.

"Ruka," nikasema.

Akaruka.