Jina la Mama Maganga

Usiku wa kuamkia leo niliota nimepiga hodi kwenye karatasi.

Ni ile ya Mzee Kapaya, babu yake mama, aliyoorodhesha watu wa nyumba yake. Majina yote yanasomeka isipokuwa la mkewe. Bibi huyo tangu ajifungue aliitwa Mama Maganga, na hata kaburini kwake, hapa Tabora, wameandika hivyo hivyo. Leo mtoto wa dada yangu Siwema anapewa jina, na mama anataka arithi la huyo bibi. Siku tatu nimeukodolea macho mwandiko ule. Mara ya mwisho nilisoma "Kitunguu". Wakwe zake Siwema wakasema tusijisumbue, wao wana jina tayari.

"Karibu," nikaitikiwa. Herufi A alikuwa ameketi kwenye kigoda.

"Wewe nakufahamu," nikamwambia. "Umo kwenye Maganga."

"Pale nina zamu tatu," akasema. "Kanuni unaijua. Herufi unayoifahamu ndiyo ikupeleke kwa usizozifahamu."

Ananishika mkono. Tunavuka kizingiti, na karatasi ni shamba la karanga. Mistari ni matuta. Kwenye tuta la pili herufi zimejikunyata, zinayumba huku na huku.

"Mnaumwa?" nauliza.

"Hatuumwi. Tunabembelezwa."

Mwisho wa tuta amekaa Mzee Kapaya, kalamu mkono wa kushoto, mtoto mchanga gotini.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Sema polepole, huyu Maganga ndiyo kwanza anasinzia."

"Babu, mwandiko wako umetushinda."

"Mengine niliandika nimetulia. Hili niliandika huku nachezesha goti. Mama yake alikuwa hajapata usingizi siku sita, nikamwambia alale."

"Na kwa nini hukuwahi kumwita kwa jina lake?"

"Mbele za watu? Nilikuwa naona haya," akasema. "Ndiyo maana nikaliandika."

Nikamwonea huruma, nikamwomba anitajie. Akaniuliza kama nimekuja kusoma au kubahatisha. Pembeni ya shamba kitunguu kimoja kikanyoosha mkono.

"Huyu bwana aliniita juzi," kikasema. "Tangu hapo nasubiri kuambiwa kazi yangu."

Nikakiomba radhi. Kikaondoka kwa miguu.

"Nipokee mtoto," akasema babu.

Nampakata Maganga. Shamba linarudi kuwa karatasi, namwekea kifuani, naanza kuchezesha goti. Herufi zinayumba pamoja nasi, kisha moja moja zinatulia, kama mtoto aliyeshiba. Nasoma: Kalunde.

Nikaamka. Kulikuwa kumekucha. Karatasi ilikuwa mezani na jina lilikuwa palepale, linasomeka bila taabu, nikaona aibu kwa zile siku tatu.

Nilimkuta mama jikoni anachagua mchele.

"Anaitwa Kalunde," nikamwambia.

Aliacha mchele. Alilirudia jina mara mbili, polepole, kisha akauliza nani kanisomea. Nikamweleza yote, mpaka kitunguu.

"Mwanangu, umelala vibaya," akasema.

Hapo ndipo macho yake yaliposhuka kwenye kikoi changu. Kilikuwa kimelowa gotini, mahali padogo tu, kwingine kote kikavu. Akainama, akanusa. Mama amelea watoto saba, harufu hiyo haimpotei.

"Huyu ananyonya bado," akasema.

Nikataka kwenda kukifua. Akanishika mkono.

"Kiache kwanza," akasema. "Huyo ni baba yangu."