Miwani ya Zamani

Mama Kidoti, fundi cherehani, hakuwa mtu wa kununa ovyo, ila tangu binti yake apewe miwani mpya, wivu ulimkaba. Kidoti alizaliwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. Akapasuliwa akiwa mchanga, na tangu hapo akawa anaona kwa miwani nzito. Ile ya zamani mwishowe ilimwonesha ya karibu tu, kwa hiyo mtoto alipanda mapajani, akabana pua yake kwenye pua ya mamaye, akamkagua uso wote. Nani asingependa kutazamwa hivyo?

"Jicho linakua, mama," daktari alimweleza. "Likikua, miwani iliyomfaa jana inamzidi nguvu, ndiyo maana tunaibadilisha. Akibaki na hiyo, vya mbali vyote ni ukungu, na macho yake hayatajifunza kuona."

Mpya ikavaliwa, na balaa likaanza. Jioni ile ile, wifi yake Mama Kidoti alipotokeza getini, Kidoti alimtambua kutoka barazani, akatoka mbio. "Shangazi!"

"Huyu ananipenda mimi," wifi akasema, akicheka mpaka magego yakaonekana.

"Anapenda pipi zako, wifi."

Mama Kidoti naye alicheka, lakini roho ilimuuma kwelikweli.

Basi akafanya jambo ambalo mzazi mwenye akili zake hafanyi. Kila wifi alipokaribia kuja, alimvalisha mtoto ile ya zamani. Wifi akawa anafika getini bila kukimbiliwa, na Kidoti akarudi mapajani. Mama mtu akaona raha, na raha ikamzoesha. Mpya ikawa haitoki kabatini.

Siku moja alirudi kutoka kupeleka nguo za mteja. Wifi alikuwa jikoni, Kidoti amekaa sakafuni na vitambaa vyake, miwani ya zamani usoni. Mama akasimama mlangoni kimya, mikono ameitandaza, akingoja na yeye akimbiliwe.

Mtoto akainua uso, akakunja macho.

"Shangazi?"

Mama akapiga hatua moja mbele, mikono bado ameitandaza.

"Wewe nani?" Kidoti akauliza, akijisogeza nyuma.

Wifi akachungulia kutoka jikoni. "Makubwa haya. Leo hata mama yako humjui?"

"Hanioni," Mama Kidoti akasema, mikono ikishuka. "Mimi ndiye niliyemfanya asione, wifi."