Kitambaa cha Tyubu

Shuleni kwetu, juu kidogo ya soko la Mitaboni, kuna tyubu ya kioo iliyonunuliwa kwa harambee mwaka wa tisini na nne. Wazazi walichanga ili binti zao waone kwa macho yao jinsi elektroni zinavyopinda zikipita katikati ya mabamba mawili yenye umeme, moja chanya na jingine hasi. Ilipofika iliombewa na padre, ikapigwa picha, kisha mwalimu mkuu, Bwana Ndolo, akaiweka ofisini kwake juu ya kabati la vikombe vya michezo. Mkewe akaifumia kitambaa cha kroshia chenye maua ya waridi. Kwa miaka minne ikawa inaonyeshwa wageni. Elektroni hata moja haikuwahi kupita humo.

Mimi ni Peris, fundi wa maabara. Kuhusu tyubu hiyo nilikuwa na kazi moja tu ya kisayansi: kufua kitambaa kila Ijumaa na kukirudisha Jumatatu kimepigwa pasi.

Fizikia yenyewe ilifundishwa kwa chaki. Mwalimu Onesmus alikuwa na mchoro mmoja maridadi: bamba la juu chanya, la chini hasi, na mstari wa buluu wa elektroni ukipinda kwenda juu. Aliuchora hivyo hivyo kila mwaka, na wasichana wa Kidato cha Nne waliukariri kama Baba Yetu.

Halafu ukaja mtihani wa majaribio wa Julai. Aliyeutunga, sijui alikuwa na roho gani, aliweka chanya chini. Wasichana thelathini na wanane wakachora mstari ukienda juu, kama walivyofunzwa. Mmoja, Kalunde, akauchora ukienda chini. Mwongozo wa kusahihishia ulikuwa haujafika, lakini Onesmus hakuwa mtu wa kungoja karatasi imwambie jambo analolijua. Wale thelathini na wanane wakapata. Kalunde akapata mkasi mwekundu wa kosa.

Angenyamaza tu. Badala yake alisimama darasani akauliza, "Mwalimu, si elektroni ni hasi? Itaendaje kwa hasi mwenzake?" Darasa likacheka, na hapo ndipo kosa lilipozaliwa. Hukumu ikatoka siku hiyo hiyo: aandike barua ya kukiri kwamba alikosea, aisome mbele ya shule nzima, au aende nyumbani wiki mbili. Wiki zenyewe zilikuwa zile ambazo ningewapanga wasichana kwa mazoezi ya maabara kabla ya mtihani wa taifa. Kalunde alitaka kusomea uhandisi, na kila mtu pale shuleni alijua kwamba bila mazoezi hayo ndoto yake imekwisha.

"Nitaandika nilikosa adabu," aliniambia machozi yakimlengalenga. "Lakini siwezi kuandika inaenda juu."

Nilimwona mjinga kidogo. Pia nilimwonea wivu.

Jumatatu baba yake akaja. Mzee Muindi ni mkulima wa kahawa, na alikuwa amevaa koti lake la kanisani. Kalunde akaambiwa asimame nje barazani. Niliingia ofisini na kitambaa changu kilichopigwa pasi nikamkuta Bwana Ndolo katikati ya hotuba ya nidhamu, Onesmus akitikisa kichwa pembeni. Nikasimama ningoje imalizike. Kwa hiyo tyubu ilikuwa uchi pale juu ya kabati, na Mzee Muindi alikuwa ameikazia macho.

"Hii si ndiyo ile kitu tulichangia?"

"Ndiyo hiyo, mzee," Bwana Ndolo akajibu kwa fahari.

"Na huwa inafanya nini?"

Mwalimu mkuu akamtazama Onesmus. Onesmus akautazama ukuta.

"Inaonyesha vile elektroni zinapinda," nikasema, ingawa sikuulizwa.

"Asi! Kwa hivyo mwalimu na mtoto wanabishana, na shahidi ako hapa juu ya kabati?" Mzee akacheka. "Si muiwashe?"

"Hiyo si kitu ya kuwashwa-washwa, mzee. Inaweza haribika."

"Na ikikaa hivyo, inatengenezeka?"

Onesmus ndiye aliyekubali, kwa kiburi lakini alikubali. "Wacha iwashwe. Lakini waya nitaunganisha mimi mwenyewe."

Nikaleta kisanduku cha umeme kutoka stoo, kikiwa bado kwenye plastiki yake. Onesmus akasoma maelezo mara mbili, akaunganisha kama mtihani ulivyosema, chanya chini. Nikafunga mapazia. Waya mdogo ndani ya tyubu ukaanza kuwaka rangi ya chungwa, kisha mstari mwembamba wa buluu ukapita mnyoofu katikati ya mabamba. Nilisahau kabisa kudharau watu. Onesmus akapandisha volti za mabamba, na mstari ukainama taratibu, kama maji yatokayo kwenye mpira wa kunyunyizia mboga. Ukaenda chini.

"Waya zimegeuka," Onesmus akasema.

Akazima, akazibadilisha, akawasha. Mstari ukapanda.

"Mnaona? Juu!"

"Lakini mwalimu," Mzee Muindi akasema kwa upole, "si sasa umeweka chanya juu? Mimi sikusoma, lakini naona hii kitu inafuata waya. Haifuati ubao."

 Bwana Ndolo akakohoa, akatangaza kwamba msichana anaweza kurudi darasani, ila kwa adabu, na kwamba shule imeonyesha leo umuhimu wa vifaa vya kisasa. Mtu huyo angeweza kusifu hata mazishi yake mwenyewe.

"Peris, zima hiyo kitu isichoke."

"Usizime," Onesmus akasema.

Alikuwa ameinama, pua karibu iguse kioo. "Kumbe ni buluu kweli," akasema. "Miaka kumi na minne nachora buluu. Nilikuwa nachagua tu hiyo chaki kwa sababu haitumiwi sana."

 Funguo za stoo zilikuwa mfukoni mwangu miaka yote minne ya tyubu hiyo, nami nikafua kitambaa.

Onesmus akazima, akarudisha waya zilivyokuwa, chanya chini, akawasha tena. Kisha akaenda mlangoni. Hapo ndipo sote tulipokumbuka kwamba aliyekuwa na haki ndiye pekee ambaye hajaona.

"Kalunde. Njoo uone."

Aliingia akisugua viatu sakafuni, akainama karibu na mwalimu wake. Alitazama kwa muda mrefu.

"Iko chini," akanong'ona.

"Iko chini," Onesmus akakubali. "Nimeharibu karatasi thelathini na tisa. Nitazisahihisha upya."

Bwana Ndolo akaanza kufungua mapazia, akaniuliza kitambaa kiko wapi. Kilikuwa mkononi mwangu, kimepigwa pasi na kukunjwa mara nne. Nikakificha nyuma ya mgongo nikamwambia hakijakauka.

Bado hakijakauka.