Nyumba Isiyo na Mtu

Mjukuu wangu alikuwa akinisomea riwaya ya zamani waliyopewa shuleni. Msimulizi wake ni tajiri anayejiona mwema, na alifika mahali akasema: "Nyumba ilikuwa tupu. Hapakuwa na mtu, ila mpishi na yaya."

"Hebu rudia hapo," nilimwambia. Akarudia. Nikamchukia msimulizi yule kama vile amenikanyaga mguu.

Dada wa kazi alikuwa pembeni yetu akipiga pasi. Mama yake alikuwa mgonjwa, naye tangu asubuhi alikuwa akiomba ruhusa aende kumwona. Hata hivyo aliiacha pasi akaja kuniwekea mto mgongoni, bila kuombwa, kisha akairudia pasi yake.

Mke wa mwanangu akatoka chumbani amekunja uso. "Dada, nimeshasema huendi. Ukienda, hapa nyumbani hakutakuwa na mtu."

"Na mimi je?" nikamuuliza.

"Mama nawe, kwa kushikilia maneno. Namaanisha mtu wa kazi."

"Kumbe naye ni mtu. Basi mtu huyo ana mama mgonjwa. Mwache aende."

"Na nguo utazipiga pasi wewe?"

"Nisogezee kiti karibu na meza."

Alisonya, akaingia chumbani na kubamiza mlango. Dada alibaki ameshika pasi, hajui amtii nani. Nikaipokea taratibu mkononi mwake.

"Kachukue mkoba wako, mwanangu," nikamwambia. "Huyo nitagombana naye mimi."