Wanne Mbele ya Pazia

Usiku wa kuamkia Jumamosi niliota nimefika studio na wanangu wawili, kamera ikakataa kutupiga picha kwa sababu hatujatimia.

Nieleze kwanza. Picha yenyewe ni ya kweli, ilipangwa Jumamosi hiyo saa nne. Mume wangu, Baba Atu, yuko Kolwezi, nje ya nchi, anaendesha mitambo ya mgodini, mwaka wa tatu sasa. Aliondoka Lusajo akiwa na miezi minne. Leo mtoto anaongea, na simu yangu anaiita "baba". Ikiita, anasema, "Baba analia." Baba Atu aliomba kitu kimoja tu: picha ya familia, Lusajo akicheka, aone anachekaje.

Dada Sekela wa studio akanitumia masharti ya kuandaa watoto. Akaongeza: "Leta na pasipoti saizi ya shemeji, tutambandika katikati kwa kompyuta. Wengi wanafanya hivyo." Nikakataa. Nimesomea ugavi mimi. Kitu kisichokuwepo stoo siandiki kuwa kipo.

Basi, ndotoni tunaingia.

Sharti la kwanza lilisema rangi za nguo zisigombane. Nilipowavua makoti tu, gauni la njano la Atupele likalirukia shati la Lusajo.

"Limenikanyaga," gauni likasema.

"Kwani mimi nina miguu?" shati likauliza.

"Nyamazeni wote wawili," nikasema. "Peaneni mikono."

Vikapeana, vifungo vimenuna.

Sharti la pili, watoto wafike wameshiba. Kamera imesimama kwa miguu yake mitatu, imevaa miwani ya Dada Sekela. Inainama mbele ya tumbo la Atupele.

"Umekula nini?"

"Uji na magimbi," tumbo linajibu.

"Na wewe?"

"Uji wangu aliumwaga chini ya meza," linasema tumbo la Lusajo. "Mama anadhani niliupata."

Nikalitazama lile tumbo. "Wewe tutaongea nyumbani."

"Mama, usiligombeze," akasema Atupele, ambaye ana miaka sita na anatetea kila mtu. "Ni dogo."

Sharti la tatu, mtoto asilazimishwe kutabasamu. Tabasamu la Lusajo likaja lenyewe kwa miguu, limelowa mvua, likakaa kwenye benchi la mlangoni kama mgonjwa anayesubiri kuitwa jina.

"Ingia usoni," nikaliambia. "Watu wana shughuli."

"Silazimishwi. Masharti nimeyasoma."

"Unamsubiri nani?"

"Unamjua."

Kamera ikatuhesabu kwa kidole, sijui ilikitoa wapi. "Fomu inasema wanne. Naona watatu."

"Andika watatu."

"Wa nne yuko wapi?"

"Kazini."

Nikamwangalia Lusajo, uso wake mtupu kama sahani iliyooshwa. Hapo nikasema neno ambalo nikiwa macho sijawahi kulisema. "Basi mbandike tu." Sauti yangu ilitoka ndogo, mimi mwenyewe sikuitambua.

"Sibandiki," ikasema kamera. "Mfuateni."

Nyuma yetu kulikuwa na pazia lililochorwa ngazi nyeupe na ziwa lenye bata. Nikawashika watoto mikono, tukapanda zile ngazi. Bata mmoja akauliza tunakwenda wapi. Nikamwambia Kolwezi. Akasema tukaze mwendo, kuna vumbi.

Ngazi zinaishia ndani ya studio nyingine. Baba Atu ameketi kwenye stuli, kofia yake ngumu iko magotini. Nyuma yake kuna pazia, na pazia limechorwa sebule yetu ya Mbeya: kochi, kabati la vyombo, hata ufa wa ukutani ambao fundi anaukimbia.

"Mama Atu, mmechelewa," akasema bila kugeuza shingo. "Nimekaa hivi tangu mwaka juzi. Waliniambia nisitikisike, picha itatoka ukungu."

"Umekonda."

"Na wewe umenenepa."

"Ni koti."

Atupele alikuwa ameshamkalia goti moja, kana kwamba alishuka hapo jana. Lusajo akabaki mbali.

"Huyu nani?"

"Mimi ni yule wa kwenye simu," akasema Baba Atu.

Lusajo akamzunguka taratibu mpaka mgongoni, akipapasa, akarudi mbele. "Chaji unachomekwa wapi?"

Baba Atu hakucheka. Alifikiri kwa dhati. "Hapa," akasema, akanyoosha kidevu.

Mtoto akaweka mkono kidevuni mwa baba yake, akaushikilia hapo, akisubiri ajae. Tabasamu likainuka kwenye benchi kule tulikotoka, likapanda ngazi, likapita mbele yangu bila salamu, likaingia usoni kwake. Meno yote nje.

"Mmetimia," ikasema kamera, iliyotufuata kwa miguu yake mitatu. "Sharti la mwisho: mama asipepese. Nikifika tatu."

Nikasimama nyuma yao, mkono begani mwa Baba Atu. Bega lilikuwa na joto.

"Moja."

Macho yananiwasha.

"Mama Atu," ananong'ona mume wangu, hanioni lakini ananijua, "usipepese."

"Sipepesi."

"Mbili."

Yanajaa. Kochi la kwenye pazia linaogelea, kabati linaogelea. Nayakodoa. Laiti lingekuwa jambo la kukaza tu, ningelikaza mpaka kesho.

Nikapepesa.

Dari la chumba changu. Saa kumi na mbili kasoro. Gauni la njano na shati vimetundikwa mlangoni, kimya. Lusajo amelala kwa tumbo pembeni yangu, mkono mmoja umenyooshwa juu ya mto wa upande usio na mtu.

Simu ikawaka. Ujumbe wa Baba Atu, wa kwanza wiki hii, maana mtandao wa kule ni wa kubahatisha. Sio salamu, sio habari za asubuhi.

"Mama Atu, mkate Lusajo kucha kabla ya picha. Zinaparura kidevu."

Nikausoma mara mbili. Kisha nikauchukua ule mkono mdogo, nikausogeza kwenye mwanga wa dirisha.

Nilikuwa nimefua, nimesuka, nimepiga pasi mpaka soksi. Kucha nilisahau.